Mji wa Matofali Mabichi: Mapumziko ya Mtu na Mkewe katika Santa Fe

Katika pembe ya kusini-magharibi ya Marekani, katika jimbo la New Mexico, uko mji ambao katika mitaa yake ya kale mtu hana ruhusa kujenga nyumba isiyopatana na desturi za ujenzi za mahali pale, yaani nyumba za udongo. Hata awe tajiri namna gani, asipozipaka kuta zake rangi ya ardhi, au akitaka kujenga ghorofa refu la vioo, wakuu wa mji wataikataa ramani yake. Mji huo ni Santa Fe, makao makuu ya jimbo. Umekaa juu ya uwanda ulio futi 7,000 hivi kutoka usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi, nao ni mkavu sana: mvua na theluji ya mwaka mzima ni kama inchi 14 tu. Mwaka 2020 walihesabiwa humo watu 87,505. Wageni wake ni wengi kuliko wenyeji, na aghalabu huja wawili wawili, mtu na mkewe, waliowaacha watoto kwa nyanya yao ili wapumzike siku tatu au nne. Hawaendi kuona bahari wala wanyama. Huenda kutazama kuta, na picha na vyungu vilivyomo ndani ya kuta hizo.

Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya kukandikwa huenda akacheka asikiapo habari hii. Kwa watu wengi ukuta wa udongo ni kitu cha kukimbiwa. Apataye fedha huanza na mabati, kisha hufuata saruji. Lakini Santa Fe nayo iliishika njia hiyo, ikaenda mbali kidogo, halafu ikarudi. Sababu za kurudi hazikuwa zote za mapenzi ya urithi, na faida yake haikumfikia kila mtu sawasawa.

Safari yenyewe si ngumu. Ndege kubwa hutua Albuquerque, maili 60 hivi upande wa kusini, na tangu mwaka 2008 liko gari la moshi liendalo kutoka huko hata Santa Fe kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Siku ya kwanza afadhali mgeni asifanye haraka, kwa maana hewa ni nyepesi, na atokaye pwani atahema akipanda ngazi. Usiku huwa na baridi hata katika miezi ya joto. Chakula hakitamshangaza sana mtu wa shamba: mahindi, maharagwe na nyama. Ila pilipili hutiwa karibu katika kila kitu, na mpishi huuliza kwanza kama mgeni ataka nyekundu au ya kijani. Ashindwaye kuchagua hupewa zote mbili.

JUMBA LA MAGAVANA

Mahali pa kuanzia ni uwanja wa katikati ya mji. Wahispania walipouanzisha mji huu yapata mwaka 1610, chini ya gavana wao Pedro de Peralta, waliacha uwanja wazi, na upande wake wa kaskazini wakajenga nyumba ya serikali. Nyumba hiyo, iitwayo Jumba la Magavana, ingali imesimama. Ni ndefu, ya chini, tena haina ghorofa, na mbele yake yote imepita baraza iliyoshikwa na nguzo za magogo. Wamekaa humo wakuu wa Hispania, kisha wa Mexico tangu mwaka 1821, kisha wa Marekani tangu jeshi lao lilipoingia mwaka 1846. Mmoja wa magavana wa Kimarekani, Lew Wallace, aliandika humo sehemu ya kitabu chake Ben-Hur, alipokuwa akitawala kati ya mwaka 1878 na 1881. Tangu mwaka 1909 jumba hili limekuwa nyumba ya makumbusho.

Lakini katika orodha hiyo wamerukwa watawala wa namna nyingine, na mgeni angekosa mengi asipopata habari zao. Wenyeji wa nchi ile kabla ya Wahispania ni Wapueblo, wakulima wa mahindi wakaao katika vijiji vya udongo. Jina lenyewe ni neno la Kihispania la kijiji. Wahispania waliwatoza nafaka na nguo, wakawafanyisha kazi, wakawachapa viboko wazee wao wa dini. Mwaka 1680 mtu mmoja aliyeitwa Po'pay, ambaye mwenyewe alikuwa amewahi kuchapwa hivyo, aliunganisha vijiji ambavyo havikuwa hata na lugha moja. Wapiga mbio walitumwa na kamba zenye mafundo. Kila siku lilifunguliwa fundo moja, na fundo la mwisho lilikuwa siku ya kuondoka silaha mikononi. Vita vilianza tarehe 10 Agosti. Wahispania waliosalia walijifungia ndani ya Jumba hilo, wakazingirwa, na mfereji uliowaletea maji ukakatwa. Tarehe 21 Agosti walitoka, wakaelekea kusini. Wapueblo wakaingia katika Jumba, wakaligeuza kuwa kijiji chao, wakakaa miaka 12 mpaka Diego de Vargas alipofika na jeshi mwaka 1692.

Watu wa vijiji hivyo vingaliko, vijiji 19 katika jimbo zima, na kila siku baadhi yao huonekana chini ya baraza ya Jumba lile lile. Hukaa juu ya vitambaa, migongo yao imeelekea ukutani, wakiuza mapambo ya fedha na feruzi, vyungu, na mkate. Mahali ni pachache na wenye kutaka kuuza ni wengi, basi asubuhi hupigwa kura. Sheria zao ni kali: kila kitu lazima kiwe kimefanywa kwa mkono na muuzaji au mtu wa nyumba yake, na kiwe na alama ya fundi. Kwa hiyo mke atakaye kumnunulia dada yake mkufu hana haja ya kuogopa kuuziwa kitu cha kiwandani. Na mume afikiriaye kupunguziwa bei kama sokoni na atazame kwanza kazi iliyotumika.

Katikati ya uwanja ulisimama mnara wa jiwe uliowekwa mwaka 1868 kwa ukumbusho wa askari. Maneno yaliyochongwa upande mmoja yaliwaita wenyeji washenzi. Mwaka 1974 mtu alikuja mchana na patasi akalifuta neno hilo, na shimo lililobaki likawa maarufu kuliko maandishi yenyewe. Tarehe 12 Oktoba 2020 watu waliukusanyikia mnara huo wakauangusha kwa kamba. Mji umegombana sana juu ya jambo hili, na mgeni mwenye busara husikiliza bila kuchangia.

UKUTA UNAVYOJENGWA

Tofali la kule huitwa adobe, neno ambalo Wahispania walilipata kwa Waarabu waliotawala nchi yao karne nyingi. Wapueblo walikuwa wakijenga kwa udongo zamani kabla ya hapo, ila waliuweka kwa mikono, tabaka juu ya tabaka. Wahispania walileta kalibu ya mbao. Udongo wenye mchanga na mfinyanzi kwa kiasi chake huchanganywa na maji na nyasi kavu, ukamiminwa katika kalibu, ukaachwa juani. Tofali la kawaida lina inchi 10 kwa 14, unene inchi 4, na uzito wake wapita ratili 30. Halichomwi. Hujengwa kwa tope lile lile liwe kama saruji yake, na ukuta huwa mnene, futi mbili au zaidi katika makanisa. Juu hulazwa boriti za msonobari, vichwa vyake vikitokeza nje, kisha fito, kisha udongo. Paa ni bapa, na maji hutolewa kwa mifereji ya mbao iliyochomoza mbali na ukuta.

Faida ya ukuta huu ni kwamba hunywa joto mchana, na usiku, baridi ishikapo, huutoa joto huo polepole ndani ya nyumba. Hasara yake ni maji. Matone ya mvua huukwangua, na unyevu utokao chini huula mguu wake. Kwa sababu hiyo lazima ukandikwe upya mara kwa mara. Katika vijiji vya New Mexico kazi ya kukandika ilikuwa ya wanawake, nao walijulikana kwa ustadi kama waashi.

Reli ilipofika mwaka 1880, mambo yaligeuka. Njia kubwa yenyewe iliupita mji kando, ingawa kampuni ya reli ilikuwa imejipa jina la Santa Fe. Mji uliunganishwa kwa tawi tu. Walakini matofali ya kuchoma, mabati na vioo vilianza kuingia kwa bei nafuu, na wenye fedha waliona haya kukaa katika udongo. Hata Jumba la Magavana lilivishwa baraza ya mtindo wa miji ya mashariki. New Mexico ilipopata kuwa jimbo kamili tarehe 6 Januari 1912, mji ulikuwa umedhoofika, biashara imehamia Albuquerque. Ndipo wakuu wake walipokaa na kujiuliza wana nini ambacho wengine hawana. Jibu lilikuwa ni kile walichokuwa wakikivunja. Baraza ya kigeni iliondolewa Jumbani ikarudishwa ya magogo. Mwaka 1917 ikafunguliwa nyumba ya sanaa iliyochorwa na Isaac Rapp kwa kufuata sura ya makanisa ya kale ya vijijini. Na mwaka 1957 ikapitishwa sheria ya kulinda mitaa ya kale.

Aliyefanya kazi kubwa kuliko wote katika habari hii ni mchora ramani John Gaw Meem. Alizaliwa Brazil mwaka 1894, na mwaka 1920 alikuja Santa Fe si kwa kupenda bali kwa kuugua kifua kikuu, maana hewa kavu ilisifiwa kuwa dawa. Alipona, akajifunza kazi ya ramani, akabaki mpaka alipofariki mwaka 1983. Kanisa lake la Cristo Rey, lililokwisha mwaka 1940, ni la matofali mabichi zaidi ya 150,000, na mengi yalifinyangwa na waumini wenyewe. Ndani yake imesimama kazi ya kuchonga mawe ya karne ya 18 iliyotolewa katika kanisa lililobomolewa. Mtu na mkewe wakiwa na nafasi ya kuona kanisa moja tu, na waone hilo, ingawa liko mbali kidogo na uwanja na wageni wengi hawalifiki.

Kanisa kuu la Mtakatifu Fransisko ni habari nyingine kabisa. Askofu Lamy, Mfaransa, hakupendezwa na udongo. Kuanzia mwaka 1869 alijenga kanisa la mawe kama ya nchi yake, akalizungusha nje ya kanisa la zamani la udongo, na lile la ndani likavunjwa baadaye. Ni jengo zuri, lakini ni kama mgeni aliyevaa koti zito katikati ya watu wa kanzu. Karibu yake iko kanisa ndogo ya Loretto, iliyokwisha mwaka 1878, yenye ngazi ya mbao inayozunguka mara mbili kamili, vipandio 33, bila nguzo ya katikati. Masista walisema fundi alikuja bila kujulikana baada ya wao kusali, akaenda zake bila malipo. Mtafiti mmoja alionyesha ya kwamba huenda alikuwa Mfaransa aitwaye Rochas. Seremala yeyote atakayesimama chini yake atakaa muda mrefu, hata akiwa haamini miujiza.

Jambo moja lazima lisemwe wazi. Majengo mengi ya mjini yaonekanayo kuwa ya udongo siyo ya udongo. Ndani ni mbao au matofali ya saruji, na nje ni lipu iliyotiwa rangi. Sheria yatazama sura, haipasui ukuta. Matofali mabichi ya kweli yahitaji mikono mingi, na katika nchi ya mishahara mikubwa mikono ni ghali. Basi nyumba iliyokuwa ya maskini kwa kuwa udongo ni bure imekuwa ya tajiri kwa kuwa fundi si bure.

MARIA NA JULIAN

Wageni wengi husimulia zaidi habari za picha za rangi, lakini kazi ya sanaa iliyolipa jimbo hili jina kubwa ilifanywa na mtu na mkewe waliokuwa wakulima, katika kijiji cha San Ildefonso, safari ya nusu saa hivi kutoka Santa Fe. Maria na Julian Martinez walioana mwaka 1904, na badala ya kukaa nyumbani walikwenda St. Louis, kwenye maonyesho makubwa ya dunia, ambako Maria alifinyanga mbele ya watazamaji. Baadaye Julian aliajiriwa na wachimbuaji wa mambo ya kale waliokuwa wakifukua vijiji vilivyohamwa. Mkuu wao, Edgar Hewett, alimwuliza Maria kama aweza kufinyanga vyungu mfano wa vigae vilivyookotwa. Julian akapata kazi ya usafi katika Jumba la Magavana, na kila alipofagia aliyatazama mapambo ya vyungu vya zamani yaliyokuwa katika kabati za vioo.

Maria hakutumia gurudumu. Alichanganya mfinyanzi na majivu ya volkeno, akausokota kama kamba, akaizungusha kamba juu ya kamba ndani ya kibia, akaikwangua kwa kipande cha buyu, akaipaka udongo mwekundu, kisha akaisugua kwa jiwe laini saa nyingi mpaka ikang'aa. Mfinyanzi wa kike wa nchi hizi angeyafahamu karibu yote hayo bila mkalimani. Julian alichora juu yake mapambo, hasa nyoka wa maji mwenye pembe, ambaye kwa Wapueblo ni habari ya mvua. Vyungu vilichomwa uwanjani chini ya mabonge ya samadi ya ng'ombe. Moto ulipokuwa umekolea, walimwaga juu yake samadi ya farasi iliyosagwa kama unga. Moto ukakosa hewa, moshi ukanasa katika udongo, na chungu chekundu kikatoka cheusi. Yapata mwaka 1919 walikuwa wamegundua namna ya kufanya pambo lisilong'aa juu ya weusi unaong'aa, na kazi hiyo ikatafutwa na makumbusho ya nchi nzima.

Lililo kubwa hapa si ustadi peke yake. San Ildefonso ilikuwa kijiji kidogo, mashamba yamepungua, magonjwa yamewapukutisha watu. Maria hakuificha siri. Aliwafundisha dada zake na majirani, na nyumba nyingi zikapata fedha ya taslimu bila mtu kuhama kwenda mjini. Julian alifariki mwaka 1943, baada ya kusumbuliwa na pombe miaka mingi. Maria akaendelea pamoja na mke wa mwanawe, kisha mwanawe mwenyewe, akafa mwaka 1980. Chini ya vyungu vya miaka yao pamoja limeandikwa jina la mke na la mume, na vyungu hivyo leo hununuliwa kwa maelfu ya dola.

Georgia O'Keeffe, mchoraji, alikuwa na ndoa ya namna nyingine. Mumewe, mpiga picha Alfred Stieglitz, alikaa New York na hakukanyaga New Mexico kamwe. Yeye, tangu mwaka 1929, alikuja huko miezi ya joto akachora mifupa ya wanyama, milima myekundu na makanisa ya udongo. Mwaka 1945 alinunua gofu la nyumba ya udongo katika kijiji cha Abiquiú, kwa ajili, alisema, ya mlango mmoja uliokuwa katika ukuta wa ua. Akauchora mlango huo zaidi ya mara ishirini. Wanawake wa pale ndio waliokandika kuta kwa viganja. Stieglitz alifariki mwaka 1946, na miaka mitatu baadaye O'Keeffe alihamia kabisa. Alifariki Santa Fe mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 98. Nyumba ya makumbusho yenye jina lake ilifunguliwa mjini mwaka 1997.

Kama muda waruhusu, wapande pia mpaka makumbusho ya sanaa ya watu wa mataifa, iliyofunguliwa mwaka 1953. Alexander Girard na mkewe Susan waliipa mwaka 1978 vitu zaidi ya 100,000 walivyokusanya duniani kote: vinyago, nguo, wanasesere, miji mizima ya udongo. Ni mahali pa kuchoka kwa furaha.

Barabara ya Canyon Road, yenye maduka ya picha mlango kwa mlango, hupendeza zaidi asubuhi kabla watu hawajajaa. Zamani ilikuwa njia ya punda waliobeba kuni, na nyumba zake zilikuwa za wakulima. Karibu yake hupita mfereji mkongwe uitwao Acequia Madre, yaani mfereji mama. Neno hilo nalo ni la Kiarabu kwa asili. Katika vijiji vya jimbo hilo kila mfereji una mkuu wake aliyechaguliwa na wenye mashamba, na kila masika wote hutoka na majembe kuusafisha, asiyefika hulipa. Lakini wengi wa watoto wa wakulima wale wa Canyon Road hawako tena. Wachoraji walikuja kwa sababu nyumba zilikuwa rahisi. Matajiri wakaja kwa sababu ya wachoraji. Bei ya nyumba ikapanda, na familia za Kihispania zilizokaa pale vizazi vingi ziliuza zikahamia nje ya mji. Mgeni apitaye akisifu kuta haoni jambo hili, kwa maana kuta ni zile zile.

TAOS

Siku ya mwisho hufaa kwenda Taos, maili 70 hivi kaskazini. Nje ya mji huo kiko kijiji cha Taos Pueblo, ambacho wataalamu hukisia kilijengwa kati ya mwaka 1000 na 1450. Ni majumba mawili makubwa ya udongo, chumba juu ya chumba mpaka orofa tano, na kijito kimepita katikati. Zamani hapakuwa na milango chini. Watu walipanda kwa ngazi wakaingia kwa tundu la juu, na adui alipotokea ngazi zilivutwa. Ndani ya ukuta wa kale hapana umeme wala bomba, kwa hiari ya wenyewe. Mgeni hulipa kiingilio, hapigi picha ya mtu bila idhini, na haingii palipokatazwa. Yapo majira kijiji hufungwa kwa mambo ya dini, basi na aulize kabla ya kufunga safari.

Maji ya kijito hutoka Ziwa la Buluu, juu milimani, mahali patakatifu pa watu hao. Mwaka 1906 serikali ililichukua ziwa pamoja na msitu wake likawa hifadhi ya taifa. Wazee walidai miaka 64. Waliambiwa watapewa fidia ya fedha, wakakataa, walitaka ardhi. Mwaka 1970 mkuu wao wa dini, Juan de Jesus Romero, mzee wa miaka tisini hivi, alisafiri mwenyewe mpaka Washington. Tarehe 15 Desemba mwaka huo Rais Nixon alitia sahihi sheria iliyowarudishia eka 48,000.

Kusini kidogo ya mji, katika Ranchos de Taos, liko kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, lililokwisha yapata mwaka 1816. O'Keeffe alilichora, na Paul Strand na Ansel Adams walilipiga picha, wote kwa nyuma, ambako hapana mlango wala dirisha ila kuta nene zilizoegemea kama migongo ya wanyama waliolala. Mwaka 1967 waumini, waliochoka kukandika, walilipiga lipu ya saruji. Kazi ilionekana kuwa imekwisha milele. Lakini saruji haipumui kama udongo. Ilipasuka nyufa nyembamba, maji yakaingia, yakakosa pa kutokea, na ndani ya ganda lile gumu matofali yakaanza kurudi kuwa tope bila mtu kuona. Ilipobanduliwa, sehemu za kuta zilikuwa zimeoza. Baada ya majadiliano marefu, mwaka 1979 watu wa parokia waliiondoa saruji yote, wakajaza mapengo kwa matofali mabichi, wakarudia udongo na nyasi kavu.

Tangu wakati huo hulikandika kila mwaka, mwezi wa Juni, kwa muda wa wiki mbili hivi. Wazee huchekecha udongo, vijana huchanganya na kubeba ndoo, wanawake na wanaume hupanda majukwaa, na wengine hupika chakula cha wote. Tabaka la mwisho husuguliwa kwa vipande vya ngozi ya kondoo vilivyoloweshwa, mpaka ukuta uwe laini. Mvua kubwa za kule huanza Julai.